Koti la Zardozi kutoka Lucknow: Kazi Nzuri Hadi Upande wa Ndani

Koti hili fupi la bahameli nyeusi nililiagiza katika karakana ndogo ya mtaa wa Chowk, mjini Lucknow, kaskazini mwa India, nikalipata baada ya wiki sita. Nimekwisha kulivaa katika harusi nne, Mombasa na Lamu, na sasa naweza kulitolea maoni kwa haki.

Zardozi ni neno la Kifarsi: zar ni dhahabu, na dozi ni ushonaji. Sisi wa pwani zari tunaijua tangu utotoni kwa majoho ya mabwana harusi, lakini zardozi ni kazi nzito zaidi, iliyositawi katika makasri ya Wamughali, watawala wa India wa zamani, hasa enzi za mfalme wao Akbar katika karne ya 16. Mwaka 2013 zardozi ya Lucknow ilisajiliwa nchini India kuwa bidhaa inayolindwa kwa jina la mahali inakotoka.

Nilibahatika kuiona kazi ikianza. Mchoro hutobolewa matundu kwa sindano kwenye karatasi, kisha husuguliwa chaki iliyochanganywa na mafuta ya taa, na alama zikabaki juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu ya mbao. Mafundi huketi chini kuizunguka fremu hiyo, kila mmoja na upande wake. Mmoja wao alikuwa akikata dabka, yaani waya mwembamba uliosokotwa kama springi, vipande vifupi kuliko punje ya mchele, akavitunga kimoja kimoja kwenye sindano na kuvishona kama shanga. Waya mwingine wenye kumeremeta zaidi wanauita nakshi, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Maua ya koti langu yana umbo la korosho, lile lile la kwenye kanga zetu, na kila korosho imejazwa dabka iliyolala upande mmoja bila kuacha upenyo.

Niliomba bitana ya mkono mmoja isishonwe mpaka niukague upande wa ndani, na nawashauri wanunuzi wote wafanye hivyo. Nyuzi zilikuwa zimefungwa vizuri, hakuna iliyoruka kutoka ua moja hadi jingine. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mtandio katika duka moja la bei kubwa zaidi, nikaambiwa ni zari halisi, kumbe ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Ilibabuka baada ya miezi michache. Zari halisi ya zamani ni waya wa fedha uliopakwa dhahabu na kuzungushwa juu ya uzi wa hariri. Ya koti langu ni shaba iliyopakwa fedha, na fundi aliniambia hivyo kabla sijalipa.

Kasoro zipo. Koti ni zito, na baada ya saa tatu mabega huchoka. Vipande kadhaa vya dabka vilichomoka kwenye kiwiko cha kushoto, mahali ambapo kwa maoni yangu hapakufaa kutiwa waya kabisa, kwa kuwa mkono hukunjwa hapo kila mara. Manukato pia hayafai kugusa kazi hii, kwani huufanya waya upoteze mng'ao.

Linaloniuma zaidi ni jinsi mafundi hawa wasivyotajwa. Gauni lililodariziwa maumbo ya manyoya ya tausi alilovaa Lady Curzon, mke wa gavana mkuu wa Kiingereza nchini India, huko Delhi mwaka 1903, lilidariziwa India kisha likashonwa Paris na nyumba ya mitindo ya Worth, na kwa muda mrefu sifa zilikwenda kwa mvaaji na mshonaji. Hadi leo nguo nyingi za anasa za Ulaya hudariziwa India, ila lebo haisemi. Ndiyo maana nilifurahi tarehe 30 Machi 2023, nyumba ya mitindo ya Dior ya Ufaransa ilipoonyesha nguo zake mbele ya lango la Gateway of India, Mumbai, na kuitaja waziwazi karakana ya Chanakya, ambayo shule yake hufundisha wanawake ufundi uliokuwa zaidi wa wanaume.

Kwa hiyo nilimwomba mwenye karakana majina ya waliodarizi koti langu yatiwe ndani. Alishangaa, akanyamaza kidogo, kisha akawaita. Majina manne yamedariziwa kwa uzi wa njano chini ya mfuko wa kulia.