Mashine ya presha ya nyumbani: kabla hujalipa, pima mkono wako

Nimekaa na hii mashine miezi minane sasa, kwa hiyo naweza kuisema uzuri na ubaya wake bila kuonea mtu. Ni ile ya kufunga mkono wa juu, inatumia betri nne, unabonyeza kitufe inajijaza upepo yenyewe. Niliinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa tiba. Muuzaji alianzia 130,000, tukavutana mpaka akaniachia kwa 95,000, na kiti akanipa.

Kilichonipeleka kuinunua ni kikohozi. Nilikwenda zahanati kwa kikohozi nikarudi na presha. Nimepanda ngazi nahema, sijakaa hata dakika moja, nesi akanifunga mkanda juu ya mkono wa dera huku ananiuliza nimezaa mara ngapi. Ikasoma 168 kwa 102. Wiki iliyofuata nikarudi, bado iko juu. Daktari akaniandikia amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku, na akasema nipime nyumbani asubuhi na jioni niandike kwenye daftari, nirudi nalo baada ya mwezi.

Basi nikawa napima. Nameza dawa, nimepunguza chumvi, papa wa nazi niliyelelewa naye Tanga nimemwacha, lakini namba ya juu inagoma: 158, 160, 156. Mama mkwe, ana miaka 74, anapima kwenye mashine hiyohiyo anapata 124. Akaanza kuniambia nina mawazo mengi. Daktari alipoliona daftari akasema tukiendelea hivi itabidi anipandishe hadi miligramu 10. Mimi hata hiyo 5 jioni nikivua viatu naona alama ya soksi imezama kwenye kifundo, maana dawa hii kuvimbisha miguu ni kawaida yake, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo inavyozidi. Nikamwomba wiki mbili.

Sasa hapa ndipo najiona mjinga. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu. Futi haitoki shingoni mwangu mpaka naingia kulala. Na kila siku nikifunga ule mkanda, upepo ukijaa, velkro inalia krrr inaachia, naubana tena kwa mkono mwingine ndio inasoma. Siku moja inaachia kwa mara ya tatu, nikautazama vizuri. Umeandikwa pembeni, herufi ndogo: 22–32 cm. Siku zote nilidhani ni vipimo vya mkanda wenyewe. Nikashusha futi shingoni, nikazungusha mkono katikati ya bega na kiwiko: sentimita 37.

Mteja akiniletea gauni linalombana kwapani simwambii mwili una kasoro. Namwambia nguo si yako. Mkanda nao ndivyo. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, inabidi ujae upepo mwingi zaidi ndipo ubane mshipa, na mashine inausoma ule upepo wa ziada kama presha yako. Nikarudi Kariakoo, mkanda mkubwa wa 22–42 upo, tena wa mashine ileile, unauzwa peke yake 35,000. Muuzaji aliniona na mikono hii hii siku ya kwanza. Hakuuliza, na mimi sikuuliza.

Asubuhi ya pili na mkanda mpya: 141 kwa 88. Nikadhani imekosea, nikarudia: 138 kwa 86. Msinielewe vibaya, presha ninayo. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, si ile 140 kwa 90 ya hospitali, kwa hiyo nilikuwa bado nimevuka. Lakini 138 na 158 si ugonjwa mmoja. Daktari alipoona daftari jipya, na nilipomweleza habari ya mkanda, alicheka kidogo, akaniacha kwenye 5 na kuniambia nitembee jioni.

Mashine yenyewe sasa. Kioo ni kikubwa, naona bila miwani. Inatunza kumbukumbu za watu wawili, ila majirani wakishajua una mashine kumbukumbu hizo si zako tena. Ndiyo maana daftari sijaliacha. Velkro inazoa nyuzi na vipande vya kitambaa, usiiweke karibu na cherehani kama mimi. Kijitabu hakina Kiswahili hata ukurasa mmoja. Na ukiongea wakati inapima, namba inapanda, nimeijaribu kwa makusudi nikimgombeza mwanangu.

Ninavyopima: nikitoka chooni, kabla ya chai na kabla ya dawa, nakaa dakika tano nimeegemea, miguu yote chini haijakunjwa, mkanda kwenye ngozi tupu. Mkono nauweka juu ya meza ya cherehani, ndiyo inakuja usawa wa moyo. Meza ya kukatia ni ndefu mno, mkono ukiwa juu namba inadanganya kwa kushuka. Napima mara mbili, dakika moja katikati.

Kuhusu zile za kifundo cha mkono, dada yangu anayo. Ni nyepesi, inaingia kwenye pochi, lakini akishusha mkono kidogo tu namba inaruka. Simshauri mtu, labda kama mkono wako hauna mkanda unaoutosha kabisa.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mkanda mkubwa ungekuwa ndani ya boksi tangu mwanzo. Wanawake wa umri wangu wenye mikono ya sentimita 25 ni wachache, nawashonea nawajua. Ule mdogo sikuutupa. Mama mkwe mkono wake ni sentimita 26, ndio wake sasa, na bado ananiambia nina mawazo.