Uzoefu wangu: injini ya mtumba ya 1NZ na zile kelele za kuwaka mara ya kwanza

Gari langu, Toyota Probox, hubeba samaki kutoka Mayungu hadi sokoni Malindi. Injini yake ya zamani ilichemka ikafa, nikanunua nyingine ya aina ileile Mombasa, 1NZ-FE ya cc 1500 iliyotoka Japani, kwa shilingi 55,000. Kuipandisha nikampa fundi mmoja wa Muyeye, mtu mzima ambaye sote pale gereji twamwita Ami. Injini nimeipenda. Fundi nimempenda zaidi. Muuzaji nina neno naye.

Injini ya mtumba hukaa ghalani muda mrefu, na oili yote iliyokuwa juu hushuka, vyuma vikabaki vikavu. Kwa hiyo Ami hakukimbilia kuiwasha. Alitia oili mpya, lita 3.7 pamoja na filta mpya, akachomoa soketi za koili zinazopeleka umeme wa cheche na za nozeli zinazopuliza mafuta, kisha akatoa plagi zote nne. Ikiwa haina mbano wa hewa ndani ya silinda, injini huzunguka kwa wepesi, pampu inapandisha oili, na beringi hazibebi mzigo zikiwa kavu. Akawa anapiga starta kwa vipindi vifupi, anapumzisha, anapiga tena, mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika kwenye dashibodi. Hapo ndipo aliporudisha plagi.

Ilipowaka ikatoa mlio mkali, krrrr, upande wa mikanda. Nilitaka izimwe hapo hapo. Ami akaniinulia kiganja: "Ngoja mwanangu, hiyo cheni yangoja oili." 1NZ haitumii mkanda wa taimingi, hutumia cheni, na tenshona inayoikaza husukumwa na presha ya oili. Presha ikifika, cheni hutulia. Ikatulia kabla hajashusha mkono.

Lakini kukabaki mlio mwingine, chuma kikigonga chuma, ukifuata mzunguko wa injini. Hapo ushauri ukawa mwingi. Huyu asema tepeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu, yule asema beringi za konrodi, yaani mikono inayoshika pistoni, zimekwisha, injini ishushwe. Nikampigia simu muuzaji, akaniambia niikanyagie mafuta kidogo, itanyamaza yenyewe. Ami alikataa katakata. Kama ni beringi, kuikimbiza ni kuimaliza, na baada ya hapo nani angenirudishia pesa zangu?

Alianza kuchomoa soketi ya koili moja moja injini ikinguruma. Beringi ya konrodi ikiwa imelegea, ukiizima silinda yake kugonga hupungua. Hakukupungua kokote. Kisha akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akasikiliza sehemu baada ya sehemu, nami akanipa nisikilize. Kwenye kifuniko cha juu nilisikia nozeli tu zikidonoa kama cherehani, na huo ni mlio wake wa kawaida. Kwenye bloku, kimya. Kwenye nyumba ya gia boksi mlio ukanijia mkubwa hata nikatoa sikio.

Kumbe ni lile bati jembamba linalokaa baina ya injini na gia boksi. Ukingo wake ulikuwa umepinda na ulikuwa unagusa flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka nyuma ya injini. Ukichungulia kwa tochi kutoka chini uliona mkwaruzo mpya unang'aa. Ami akalinyoosha kwa nondo akiwa chini ya gari, bila kushusha kitu chochote. Akawasha tena, kugonga hakuna.

Sasa huyo muuzaji. Injini aliyonipa ni nzima, tulipopima mbano silinda zote nne zilikaribiana. Ila dhamana yake ni ya injini kuwaka tu, ikishawaka hana habari nawe, na ule ushauri wa simu ungeweza kuniua injini njema. Ukienda kununua, uliza dhamana yahusu nini na uandikiwe. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani, ukikuta uchafu mzito mweusi umeganda, iache. Kagua na hayo mabati ya ukingoni, maana kwenye kupakia na kupakua hugongwa.

Baada ya kilomita 500 tulimwaga ile oili na kuikagua kwenye beseni juani. Ilikuwa imeingia weusi, lakini hapakuwa na chembe ya chuma. Sasa nimepeleka maombi NTSA, mamlaka inayosajili magari, ili namba mpya ya injini iingizwe kwenye logibuku. Usiliache hilo, utakuja kusumbuka siku ya kuuza gari.