Merlion Park, Singapore: mzunguke simba, nyuma kuna mwanawe

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya jua. Saa sita mchana pale hakuna pa kujificha, na joto la Singapore ni lile la jasho lisilokauka. Nenda asubuhi na mapema, au subiri taa ziwashwe. Kiingilio hakuna, na ukishuka treni Raffles Place unafika kwa miguu.

Sanamu yenyewe, Merlion, mmeiona kwenye picha: kichwa cha simba, mwili wa samaki, na maji yanayomtoka kinywani kumwagikia ghuba ya Marina Bay. Ina kimo cha mita 8.6 na uzito wa tani 70. Watalii hujazana ukingoni wakiwa wameachama, wapigwe picha kana kwamba wanayanywa yale maji. Jiandae kwa vikumbo.

Ninachompendea huyu simba ni kwamba hajifanyi mzee. Asije mtu akakwambia ni mzimu wa kale wa wavuvi. Kichwa ndicho chenye hekaya, ile ya mwanamfalme Sang Nila Utama, anayesimuliwa kuwa aliona simba alipotia nanga kisiwani. Mkia ukaongezwa na Alec Fraser-Brunner, mtaalamu wa samaki aliyekuwa msimamizi wa Van Kleef Aquarium, jumba la maonyesho ya samaki, alipoichorea bodi ya utalii nembo mwaka 1964. Mchongaji Lim Nang Seng akaanza kazi Novemba 1971, na Waziri Mkuu Lee Kuan Yew akaizindua sanamu tarehe 15 Septemba 1972. Kwa maneno mengine, ni tangazo la biashara lililowekwa kwenye mlango wa mto, wenyeji wakalizoea mpaka likawa lao.

Hapo aliposimama leo si pake pa kwanza. Daraja la Esplanade lilipokamilika mwaka 1997 lilimziba, asionekane vizuri kutoka upande wa ghuba. Mwaka 2002 wakambeba, tani zote hizo, wakampitisha juu ya daraja na kumhamishia mita 120 kutoka pale. Lee Kuan Yew akaja kumpokea tena tarehe ileile, 15 Septemba, miaka 30 baadaye. Mwaka 2009 radi ikamtoboa kichwa, wakaziba.

Sasa, ukishapiga picha yako usiondoke. Zunguka nyuma. Kuna simba mdogo wa mita 2 na tani 3, kazi ya Lim huyohuyo, na kwangu ndiye anayestahili nauli. Msogelee umtazame ngozi: ni sahani za kaure, na macho ni vikombe vidogo vyekundu vya chai. Vyombo vya mezani kabisa! Yule mkubwa anavutia kwa kimo, huyu kwa mkono wa fundi.

Foleni kwake hakuna. Kama mna watoto, picha ya familia pigieni hapo.