TAHADHARI: Birika la fedha la "zawadi ya Sultani wa Zanzibar"

Jamani, hasa ninyi mlioko Uingereza na mnapenda vitu vya kale vya kwetu: kuna birika la fedha linazungushwa mtandaoni. Msitume hata senti kabla hamjasoma hapa.

Ni birika refu la Kiingereza, kifuniko cha bawaba, mwili mzima majani ya mzabibu. Tumboni limechongwa maneno kwamba nahodha fulani alikabidhiwa London mwaka 1875, ukumbusho wa ziara ya Sultani wa Zanzibar. Ziara ni ya kweli, Seyyid Barghash alikuja mwaka huo, na ndiyo chambo chenyewe. Muuzaji anataka pauni 1,400 na anajua ni nani atakayelegea akisoma neno Zanzibar. Mimi nililegea. Nikatuma arbuni ya pauni 300 kwa kuona picha tu.

Picha zilikuwa za kila upande isipokuwa chini ya kitako. Nilipokwenda kuliona, kitu cha kwanza nikalipindua. Mihuri minne, ya kweli kabisa: wa fundi, simba anayetembea, kichwa cha chui cha London, na herufi ya mwaka lilipogongwa mihuri. Wa tano haupo. Fedha ya London ya 1875 ilitakiwa kuwa na kichwa cha Malkia Victoria, alama ya kodi kulipwa, iliyogongwa mpaka kodi hiyo ilipofutwa 1890. Nikaitafuta ile herufi kwenye simu: 1896. Barghash alifariki 1888!

Halafu maandishi. Majani yamesuguliwa miaka na miaka hadi mishipa yake imefifia, lakini herufi za "Zanzibar" bado zina makali, ukipitisha ukucha unakwama. Nikabonyeza hapo kwa kidole gumba, fedha ikaingia ndani, ikarudi. Kumbe palikuwa na jina la mtu mwingine, likasagwa likafutwa, ndiyo maana pamekuwa pembamba. Sonara yeyote wa Mombasa angelijua hilo kwa kulishika tu.

(Angalau ni fedha. Kuna wanaouza ya kuchovya, fedha juu tu, yenye herufi EPNS kwa bei hiyohiyo.)

Nikamuuliza. Akasema labda wajukuu wa nahodha ndio walioliandikisha baadaye. Wajukuu gani wanaofuta jina la mtu mwingine kwanza? Na arbuni yangu hairudi, ati nilikubali mwenyewe.

Nimeshamripoti kwa halmashauri ya eneo lake, kitengo kinachoshughulikia wafanyabiashara wadanganyifu, nasubiri. Lakini juzi birika limepandishwa tena, sasa pauni 1,650, na kitako bado hakionekani.

Ukikutana nalo, mwombe picha moja tu, ya chini ya kitako, kwenye mwanga wa mchana. Mimi nilipoiomba, alinijibu kamera yake ina matatizo.