Mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko: nyota nne kutoka Uyole, Mbeya

Niseme mapema: mashine hii haitibu ubongo. Ila tangu mzee wangu apigwe picha ya ubongo ya MRI nimeletewa kila aina ya unga na vidonge vya "kusafisha mishipa ya kichwa", na mpaka leo kitu pekee kilichostahili hela yangu ni hiki kidude cha betri nne.

Mzee ni dereva mstaafu wa malori. Alianza kuburuza miguu, hatua fupi fupi, akiamka kitini anayumba. Ukimuuliza jambo, jibu linakuja wakati umeshakata tamaa. Haja ndogo ikimbana, hangoji. Majirani wakasema uzee. Shangazi wa Tukuyu akasema mengine, tuyaache. Picha ikaonyesha madoa meupe mengi ndani ya ubongo. Daktari alitueleza bila haraka: sehemu ya juu ya ubongo ni ya kijivu, ndiko seli zenyewe zilikojaa. Chini yake kuna sehemu nyeupe, yaani nyuzi zinazounganisha eneo moja na jingine, na weupe huo unatokana na mafuta ya mayelini yaliyozifunika. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa midogo inayolisha nyuzi hizo inakakamaa na kuwa myembamba, nazo zinakosa damu ya kutosha. Zilipoharibika ndipo panapoonekana madoa yale.

Mzee akacheka. "Kumbe kichwani kwangu kuna foleni ya malori ya mpakani Tunduma."

Daktari akamwambia ndiyo hivyo, na kilichoharibika hakirudi. Kazi ni kuzuia kisiongezeke. Kisukari hana, sigara aliacha zamani. Ikabaki presha.

Kaka alitangulia kututumia mashine ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Inatangaza namba kwa Kiingereza mpaka jirani anajua presha ya mzee. Mkono ukishuka kidogo chini ya usawa wa moyo, namba zinapaa: mara 171, ukirudia 138. Iko kabatini.

Hii ya sasa niliinunua duka la vifaa tiba mjini, elfu tisini na tano. Kabla hujalipa, pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko. Mkanda uliomo kwenye boksi ni wa sentimita 22 hadi 32. Mzee ana 35, mikono iliyofunga maturubai maisha yote. Mkanda ukibana, presha inasomeka juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuongezewa dawa asizohitaji. Muuzaji aling'ang'ania "unatosha tu huo, dada". Nikaongeza elfu ishirini na tano nikapewa mkubwa.

Asubuhi mzee anakwenda haja kwanza, kisha anakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, hakuna kukunja nne, chai bado. Dakika tano kimya. Hapo kwenye kimya ndipo ugomvi ulipo, maana redio imewashwa na yeye lazima aijibu. Mwezi wa sita, baridi ya Uyole mnaijua, anataka mkanda ufungwe juu ya sweta. Hapana. Mkono wazi, blanketi mabegani, kwa sababu baridi nayo inapandisha presha.

Daktari alitaka tumpime na akiwa amesimama. Ameketi, namba ya juu ya presha 142. Amesimama dakika moja, 116. Kuyumba kule kukapata maelezo, na dawa zikapangwa upya kwa kufuata daftari letu. Nilimuuliza kuhusu utafiti wa Marekani, SPRINT MIND wa 2019, ulioonyesha kwamba kushusha namba hiyo ya juu chini ya 120 kulipunguza kasi ya madoa haya kuongezeka. Akasema anaujua, ila kwa mzee anayeyumba twende polepole, kwanza chini ya 130.

Kuna kialama cha moyo kinachowaka mapigo yakiwa hayaendi sawa. Kikijirudia usikipuuze, mpeleke hospitali.

Nyota moja naikata kwa sababu mkanda mkubwa unauzwa peke yake, waya wa umeme haumo, na ukibadili betri saa na tarehe vinafutika. Kwa hiyo daftari bado lipo, na kalamu imefungwa kwa uzi maana wajukuu wanaichukua.