Fundi viatu wa Majengo aliyenitibia kiatu, kisigino kikapona

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, nasimama tangu asubuhi mpaka saa nane. Karibu mwaka mzima kisigino cha kushoto kiliniuma, hasa zile hatua za kwanza nikitoka kitandani, kama nakanyaga msumari. Dada akanipeleka kwa fundi anayekaa nje ya Soko la Majengo, hapa Dodoma.

Hakukimbilia kuniuzia kitu. Alichukua kiatu changu akakikunja katikati, kikakunjika kama kitambaa. "Mwalimu, hiki hakikubebi." Akanisimamisha juu ya boksi, akachora nyayo zote mbili kwa kalamu (wa kulia ni mkubwa kidogo, sikuwahi kujua), kisha akakata soli ya ndani ya sponji ngumu yenye kituta kwenye upinde wa unyayo. Akaniambia nirudi kuijaribu jioni, maana miguu huwa imevimba kidogo saa hizo. Nililipa shilingi 12,000.

Wiki ya tatu sasa, nafika kituo cha daladala bila kuchechemea. Gundi ya pembeni iliachia siku ya nne, akairudishia bure. Benchi la wateja liko juani, na jua la Dodoma mnalijua. Ila mwenye kisukari anayeumwa miguu aanzie hospitali. Fundi mwenyewe ndivyo anavyowaambia wateja.