Mafunzo ya usalama wa huduma za wavuti, Mtwara mjini: yana kina, ila vyeti vya seva vimepewa muda mdogo

Kozi hii ya waandaaji programu inatumia mfano mmoja tangu mwanzo: stakabadhi ya ghala ya korosho inayotoka seva ya ghala kwenda seva ya chama cha msingi. Chaguo zuri sana, maana kosa linaonekana kwa kilo.

Sehemu bora ni ruhusa. Mwanafunzi anaingia kwa akaunti ya mkulima mmoja, anabadilisha namba ya stakabadhi kwenye anwani ya wavuti kutoka 1041 kuwa 1042, na seva inamletea mzigo wa mtu mwingine. Tokeni, yaani kitambulisho cha kidijitali anachopewa mtu akishaingia, ni halali; kilichokosekana ni seva kuuliza, kwa kila ombi, stakabadhi hii ni ya nani. Tokeni za JWT (aina inayobeba saini ya kidijitali) nazo zinapewa dakika 15 tu, na inayodai algorithimu "none", yaani haina saini, inakataliwa.

Somo la mtandao unaokatika limeiva. Jibu la seva likipotea njiani, simu iliyotuma taarifa hutuma tena na kilo 800 zinaandikwa mara mbili. Dawa: simu itengeneze namba ya kipekee kabla ya kutuma, na hifadhidata iwekewe sharti la kuikataa ikirudi. Kutafuta kwanza kama namba ipo hakutoshi, kwani maombi mawili yanaweza kupita kwa pamoja.

Vyeti vya TLS, yaani vinavyothibitisha utambulisho wa seva kwenye mawasiliano yaliyosimbwa, vinapitiwa juu juu mno. Saa ya seva inayokagua cheti, isiposawazishwa kwa NTP (njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao), inaweza kufanya cheti ambacho bado ni halali kionekane kimeisha muda, na hilo halikuguswa kabisa.

Nenda na kompyuta yenye RAM ya GB 8.